Tone la chini, chanzo cha juu: kwa nini gari la kifahari lililozeeka haliachi kuvuja oili

Gari la kifahari lenye umri wa miaka 12 au 15 likianza kuvuja oili, mara nyingi mambo huenda hivi. Fundi analiinua, anaona sampu, bakuli la oili chini ya injini, imelowa, anabadilisha gasketi ya sampu. Mwezi haujaisha, tone limerudi. Anabadilisha sili ya nyuma ya krankshafti, shafti kuu ya injini, kazi inayolazimu giaboksi ishushwe. Tone linarudi tena, dogo kidogo kuliko la kwanza, na mwenye gari anaambiwa kwamba magari haya ndivyo yalivyo. Hapo wengi hukata tamaa. Kuna wanaoliuza kwa hasara, na kuna wanaozoea kuongeza oili kila baada ya siku chache na kutandika kadibodi chini ya injini.

Sikubaliani na kauli hiyo. Injini hizi huvuja kwa sababu zinazojulikana na mahali panapojulikana. Zikivuja tena baada ya matengenezo, mara nyingi ni kwa kuwa kilichotengenezwa ni pale tone lilipodondokea, si pale oili ilipotokea. Kati ya sehemu hizo mbili panaweza kuwa na nusu mita ya chuma, plastiki na nyaya, na oili hupita njia yote hiyo bila mtu kuiona.

Mpira uliochoka

Injini imeundwa kwa vipande vingi vya chuma vilivyofungwa kwa bolti, na kila vinapokutana pana kitu laini cha kuzuia oili isipite. Pale vyuma vilipotulia, kama kava la valvu juu ya silinda hedi (kichwa cha injini), hukaa gasketi. Pale shafti inapozunguka, kama kwenye ncha mbili za krankshafti, hukaa sili yenye mdomo mwembamba unaoibana shafti hiyo. Kwenye mabomba na sensa kuna oringi, pete ndogo za mpira ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka siku zinapoanza kupitisha.

Zote hufanya kazi kwa kanuni moja. Mpira unabanwa, na kwa kuwa unataka kurudi kwenye umbo lake, unasukuma pande zote na kuziba nafasi. Joto na miaka huuondolea nguvu hiyo ya kurudi. Unakauka, unakuwa mgumu, na siku ukiufungua unaukuta umebaki bapa kama ndala iliyokanyagwa miaka kumi. Chukua gasketi ya kava la valvu iliyotoka kwenye injini ya zamani ujaribu kuikunja: inakatika vipande vipande mkononi. Ile mpya unaikunja mpaka ncha zinakutana, ukiiachia inajinyoosha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya injini kavu na injini inayovuja, na huwezi kuiona mpaka ufungue.

Aina ya mpira nayo ina uzito wake. Naitrili, iliyotumika sana zamani, huchoka mapema ikiishi kwenye joto linalozidi nyuzi 100 hivi. Akrilati huvumilia mpaka karibu nyuzi 150. Fluoroelastoma, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Viton, hufika karibu nyuzi 200. Injini moja inaweza kuwa na aina zote tatu, na ndiyo maana sili moja hufa mapema wakati jirani yake bado nzima.

Halafu kuna kutanuka. Silinda hedi ya alumini yenye urefu wa sentimita 50 hurefuka kwa zaidi ya milimita 1 joto lake likipanda kwa nyuzi 100. Chuma cha kutupwa cha urefu huohuo hurefuka karibu nusu ya hapo. Plastiki ina kipimo chake, magnesi ina kipimo chake. Kila unapowasha gari asubuhi na kulizima jioni, vipande hivi husuguana kidogo kwenye maungio, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayobeba mchezo wote huo. Ikiwa bado laini inafuata. Ikishakuwa ngumu, inaachia mwanya.

Sasa kwa nini gari la kifahari lisumbue kuliko pikapu ya umri uleule? Kwanza ni hesabu ya maungio. Injini ya silinda nane yenye umbo la V ina makava mawili ya valvu, makava kadhaa ya cheni ya taiming, kipozea oili, pampu ya vakyumu, sumaku za kurekebisha kemshafti (shafti inayofungua valvu), na kama ina turbo, kila turbo ina bomba la kuipelekea oili na bomba la kuirudisha. Kila kimoja kina gasketi au oringi yake. Pikapu ya silinda nne haina nusu ya vitu hivyo.

Pili ni joto. Mwenye gari la kifahari alitaka utulivu, kwa hiyo injini imefunikwa juu kwa kava la plastiki na chini kwa kava jingine, na nafasi iliyobaki chini ya boneti haitoshi hata kupitisha mkono. Joto halina pa kutokea. Baadhi ya injini zimepangwa zifanye kazi maji yakiwa zaidi ya nyuzi 100 ili kupunguza matumizi ya mafuta. Nyingine, kama BMW N63 iliyotoka mwaka 2008, zimewekewa turbo katikati ya V, juu kabisa, ambako sili za mpira na mabomba ya plastiki huokwa kila safari.

Tatu ni ratiba ndefu za kubadilisha oili. Watengenezaji kadhaa wa Ulaya waliruhusu oili ikae hadi kilomita 30,000 au miaka miwili. Gari likiwa jipya, likitembea safari ndefu kwenye barabara nzuri, ratiba hiyo inawezekana. Kwa injini ya miaka 15 inayokwenda kilomita tano na kurudi, oili hiyo huacha masizi na utando mzito ndani ya vijia, na kijia cha kwanza kuziba ni kile ambacho wengi hawakifikirii kabisa.

Injini lazima ipumue

Hapa ndipo ningependa kila mwenye gari la aina hii asome kwa utulivu, maana ndipo pesa nyingi hupotelea.

Ringi za pistoni hazizibi kwa asilimia mia, hata kwenye injini mpya. Kila mlipuko unapotokea, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye tumbo la injini, kule chini iliko oili. Gesi hiyo isipopata njia ya kutoka, presha hupanda. Tangu miaka ya 1960 magari yamekuwa na mfumo wa kuivuta gesi hiyo na kuirudisha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ili ichomwe. Moyo wa mfumo huo ni valvu ya PCV, ambayo kwenye magari mengi ya kisasa ni kiwambo chembamba cha mpira kilichofichwa ndani ya kava la valvu au kwenye kisanduku cha kutenganisha oili na mvuke.

Mfumo ukiwa mzima, ndani ya injini kuna mvuto mdogo, yaani presha iliyo chini kidogo ya ile ya nje. Mvuto huo ni rafiki wa sili zote: hewa ndiyo inayotaka kuingia, si oili inayotaka kutoka. Hata gasketi iliyochoka kiasi inaweza kukaa miaka bila kudondosha tone.

Mfumo ukiharibika, hali hugeuka kwa namna mbili. Njia ikiziba kwa utando wa oili, presha inapanda na kusukuma oili nje kupitia kila penye udhaifu. Utabadilisha gasketi ya kava la valvu, presha itahamia kwenye sili ya mbele. Utabadilisha sili ya mbele, itahamia ya nyuma. Mwenye gari anaona kama gari limelaaniwa, kumbe kasoro ni moja tu na haijaguswa.

Namna ya pili ni kiwambo kuchanika. Hapo mvuto wote wa manifoldi unaingia ndani ya injini na kunyonya midomo ya sili kwa nguvu isiyokusudiwa. Injini za silinda nne za familia ya EA888, zinazotumika kwenye magari mengi ya Audi na Volkswagen, zinajulikana kwa hili: injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari limesimama bila kukanyaga mafuta, unasikia mlio wa kupuliza au kulia kutoka upande wa nyuma wa injini, na ukifungua kifuniko cha oili mlio unakatika. Hiyo ni sili ya nyuma ikinyonywa. Ukiibadilisha bila kubadilisha valvu, sili mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji chombo. Injini ikiwa imepata joto na iko sailensa, legeza kifuniko cha kumiminia oili. Kukiwa na mvuto mdogo, na injini ikatetereka kidogo tu, kwa magari mengi hiyo ni hali ya kawaida. Kikinata kana kwamba kimegundishwa, mvuto umezidi. Kikirukaruka na moshi ukapuliza nje kwa nguvu, presha imezidi. Kipimo sahihi zaidi ni kufunga kipima presha kwenye tundu la kijiti cha oili au kwenye kifuniko na kulinganisha na namba za mtengenezaji, kazi ya dakika kumi.

Presha ikiwa juu na mfumo wa kupumua ni mzima, basi inawezekana ringi au silinda zimekwisha. Fundi apime kompresheni na upotevu wa hewa kwenye kila silinda kabla ya kuagiza gasketi hata moja. Injini iliyochoka ndani haiponywi kwa kubadilisha mipira ya nje.

Kuifuata oili mpaka inapotokea

Swali la kwanza ni kama hiyo ni oili ya injini kweli. Chini ya gari la kifahari panaweza kudondoka vitu vingi. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Oili ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi huanza nyekundu na kuwa kahawia kadiri inavyozeeka. Oili ya haidroliki ya stiringi inaweza kuwa nyekundu, na kwenye magari mengi ya Kijerumani ni ya kijani. Oili ya difu ina harufu kali ya salfa ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Maji ya radieta yanateleza na yana harufu tamu. Maji safi yasiyo na rangi, upande wa abiria, ni ya kiyoyozi, na hayo yaache yadondoke. Weka kadibodi nyeupe usiku kucha, uangalie rangi na mahali.

Ukishajua ni oili ya injini, hatua inayofuata ni ya kuchosha na ndiyo inayorukwa zaidi: kusafisha. Injini iliyolowa pande zote haiwezi kukuambia chochote. Isafishwe kwa dawa ya kuondoa mafuta, alterneta na viungio vya nyaya vikiwa vimefunikwa, kisha ikaushwe. Gari liendeshwe dakika kumi na tano, likaguliwe. Liendeshwe siku moja, likaguliwe tena. Tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa mwendo na wa feni huisukuma nyuma. Kwa hiyo palipolowa chini na nyuma karibu kila mara ni mwisho wa safari ya oili, wala si mwanzo.

Pale macho yanaposhindwa, kuna rangi maalumu inayomiminwa ndani ya oili na kung'aa kwa manjano au kijani ukiimulika kwa taa ya miali ya urujuanimno. Baada ya safari ya saa moja, mkondo unaonekana toka chanzo hadi tone. Gereji nyingine huingiza moshi wa presha ndogo sana ndani ya injini na kutazama unapotokea. Njia zote mbili ni nafuu ukilinganisha na kushusha giaboksi bila sababu.

Mfano unaoeleza vizuri kuliko yote ni dizeli ya Mercedes-Benz inayoitwa OM642, ya silinda sita, iliyoanza kutumika mwaka 2005 kwenye E-Class, ML na nyinginezo, hata kwenye Jeep Grand Cherokee. Kipozea oili chake kimelala ndani ya bonde la V, chini ya manifoldi na turbo, kikizibwa na sili mbili ndogo. Sili za awali zilikuwa za rangi ya chungwa, na kwenye joto la pale zilikuwa ngumu kabla ya wakati. Zikianza kupitisha, oili hujaa taratibu kwenye bonde lile, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Likishajaa, hupita kwenye tundu la nyuma, ikateremka ukutani mwa injini hadi pale injini inapoungana na giaboksi, ikadondoka hapo.

Fundi akilala chini ya gari anaona nini? Anaona oili ikitoka kati ya injini na giaboksi, alama ileile ya sili ya nyuma ya krankshafti. Giaboksi inashushwa, sili nzima inatolewa, nyingine inawekwa, na oili inaendelea kujaa bondeni. Kumbe kilichohitajika ni sili mbili za zambarau, aina iliyoboreshwa inayovumilia joto, na siku nzima au zaidi ya kufungua sehemu ya juu ya injini. Kifaa chenyewe ni kidogo hata ukikifumbata hakionekani. Gharama yote iko kwenye kukifikia. Kioo kidogo chenye mkono au kamera nyembamba ikipitishwa nyuma ya turbo ingeonyesha oili iliyotuama pale juu, na kazi ya giaboksi isingeanza.

Sehemu zinazojulikana

Kila familia ya injini ina tabia zake, na kuzijua mapema kunaokoa muda. Injini za BMW za silinda sita, N52, N54 na N55, huvuja kwenye gasketi ya nyumba ya filta ya oili, mbele kushoto. Hili si la kulichukulia kirahisi, maana oili hudondokea mkanda wa alterneta. Mkanda ukilowa huvimba, huteleza na huweza kutoka kwenye puli; kwenye injini hizi vipande vyake vinaweza kuvutwa ndani kupitia sili ya mbele ya krankshafti, na kilichoanza kama gasketi ndogo kikaishia kwenye kufungua injini.

Mercedes za petroli za M112 na M113 hutoa oili kwenye vifuniko vidogo vya kupumulia juu ya makava ya valvu. Vile hufunguliwa, husafishwa na kufungwa upya kwa silikoni maalumu, kazi nyepesi. Ndugu zao M272 na M273 wana vizibo vya plastiki nyuma ya silinda hedi, ambavyo ni rahisi kubadilisha ukivifikia, pamoja na sumaku za kemshafti zinazopitisha oili. Sumaku hizi ni hatari kwa namna ya pekee: oili hupanda ndani ya nyaya zenyewe, chini ya ngozi ya plastiki, ikasafiri taratibu hadi kwenye kiungio cha kompyuta ya injini. Tabia hiyohiyo ipo kwenye giaboksi ya otomatiki ya Mercedes iitwayo 722.6, kupitia kiungio cha duara chenye oringi mbili. Ukichomoa soketi na kukuta oili kwenye pini, usiifute tu ukairudisha. Tafuta imetoka wapi.

Porsche za M96, zilizoanza na Boxster ya 1996, zilijijengea jina kwa sili ya nyuma ya krankshafti, na baadaye zikapata sili ya aina nyingine iliyosaidia sana. Lexus nazo, pamoja na sifa zake zote, hazikuepuka. LS 400 ilikuwa na pampu ya stiringi iliyodondoshea oili yake juu ya alterneta, na alterneta ikafa. Injini ya 2GR-FE ya ES 350 na RX 350 za awali ilikuwa na bomba la oili lenye kipande cha mpira ambacho kingeweza kupasuka ghafla na kumwaga oili yote barabarani. Toyota walilibadilisha kwa bomba la chuma. Mwenye gari la miaka ile akague leo hii ni lipi analo.

Lipi la leo, lipi lisubiri

Si kila unyevu ni dharura. Gasketi inayotoa jasho, vumbi likaganda juu yake bila tone kudondoka, inaweza kusubiri mwaka mzima ikiwa oili inapimwa. Lakini kuna mivujo ambayo gari halipaswi kutembea nayo.

Wa kwanza ni ule unaofikia ekzosi au turbo. Oili ya injini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 200 na kitu, na manifoldi ya ekzosi iliyofanya kazi sana hupita nyuzi 500. Harufu ya oili inayoungua inayoingia ndani ya gari ukisimama kwenye foleni, au moshi mwembamba ukitoka pembeni mwa boneti, ni sababu ya kuegesha gari. Baada ya huo fuata ule unaolowesha mkanda, kisha ule unaogusa nyaya, halafu ule unaojaza oili kwenye visima vya plagi na kuua koili moja baada ya nyingine. Oili inayolowesha maunti za injini, yaani mipira inayoibeba, nayo huziharibu polepole, na gari huanza kutetemeka bila mwenyewe kujua kwamba ni jambo lilelile.

Wingi wa tone nao unahesabika. Matone 20 ni kama mililita 1. Injini inayodondosha tone moja kwa dakika, usiku na mchana, hupoteza takriban mililita 72 kwa siku, zaidi ya lita 2 kwa mwezi. Tone moja linaonekana dogo sana sakafuni, kumbe ndilo linalomaliza injini ya mtu asiyepima. Magari mengi ya kifahari hayana kijiti cha kupimia oili. Yanategemea sensa na skrini. Jifunze kuisoma skrini hiyo, na usisubiri taa nyekundu, kwa sababu taa nyekundu ya presha ikiwaka, chuma tayari kinasaga chuma.

Na kama oili inapungua bila tone lolote chini, usitafute gasketi. Moshi wa bluu unaotoka baada ya gari kusimama sailensa kwa dakika chache kisha ukakanyaga mafuta huashiria sili za valvu, ugonjwa maarufu wa V8 za BMW N62. Huo ni ulaji wa oili, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Dawa za chupa

Kuna vimiminika vinavyoahidi kuzuia mvujo bila kufungua bolti hata moja. Vingi vina kemikali inayoulainisha mpira na kuuvimbisha kidogo. Sili ya shafti iliyokauka lakini haijapasuka inaweza kupata nafuu kwa muda. Gasketi iliyokatika, silikoni iliyobanduka au kava la plastiki lililopinda havitasikia chochote. Mpira uliovimbishwa kupita kiasi huwa dhaifu na huchanika, na hapo mvujo wa mwaka ujao unakuwa mkubwa kuliko wa leo. Mimi ningetumia dawa hizi kwa gari linalosubiri siku yake ya gereji, na si zaidi ya hapo.

Kuhusu kuweka oili nzito ili isipenye: inapunguza tone kidogo, lakini injini hizi hutumia oili hiyohiyo kusukuma mifumo ya kurekebisha kemshafti na kukaza cheni. Ikiwa nzito kupita kiwango, asubuhi yenye baridi cheni italia kabla oili haijafika. Ubaki kwenye viwango vilivyoidhinishwa, mfano Longlife-04 ya BMW au 229.5 ya Mercedes, na ndani ya viwango hivyo unaweza kuchagua uzito wa juu ambao kitabu cha gari kinauruhusu.

Kazi ikifanywa

Gasketi nzuri ikifungwa vibaya huvuja siku ileile. Nyuso zisafishwe kwa kitu kisichokwaruza. Alumini ikikwaruzwa na bisibisi, mkwaruzo huo unakuwa mfereji. Bolti za kava la valvu hukazwa kwa nguvu ndogo sana, kwenye injini nyingi kati ya Nm (nyutoni mita) 8 na 10, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayezikaza kwa kukisia huishia kulipinda kava. Kwenye N52, yenye magnesi, bolti nyingi za alumini ni za kutumika mara moja tu.

Silikoni iwekwe pale tu kitabu kinaposema, kwa kawaida kwenye pembe ambapo vyuma vitatu hukutana, tena tone dogo. Silikoni iliyozungushwa gasketi nzima hutoa nyuzi ndani ya injini, na nyuzi hizo huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Kava la plastiki lenye zaidi ya miaka kumi liwekwe juu ya kioo bapa kabla ya kurudishwa. Likicheza, gasketi mpya haitalisaidia, na kwa magari mengi kava jipya huja pamoja na valvu mpya ya PCV ndani yake, kwa hiyo unaua ndege wawili.

Sili za kisasa za PTFE, plastiki inayoteleza ijulikanayo kama Teflon, hufungwa zikiwa kavu kabisa. Fundi aliyezoea kupaka oili kwenye kila sili huziharibu bila kujua, na kama anawasha injini papo hapo badala ya kuiacha ikae saa ambazo mtengenezaji ametaja, mdomo wa sili haupati nafasi ya kujikunja kwenye shafti. Shafti nayo ipitishwe kidole. Sili ya zamani ikiwa imechimba mstari, sili mpya isukumwe kina tofauti kidogo, au shafti ivalishwe bushi nyembamba ya chuma. Ukiruka hapo, sili mpya inakaa juu ya mfereji uleule.

Upande wa kununua, watengenezaji kama Elring, Victor Reinz na Corteco ndio wanaosambaza gasketi na sili kwa viwanda vya magari vya Ulaya, na vifaa vyao mara nyingi ni vilevile vilivyotoka na gari, ila boksi tu ndilo tofauti. Kuokoa kidogo kwenye gasketi isiyo na jina, halafu kulipia saa kumi za kazi mara mbili, sioni faida yake.

Panga kazi kwa kufuata kinachofunguliwa. Manifoldi ikitoka, badilisha kila kilicho chini yake: mabomba ya kupumulia, gasketi ya nyumba ya filta, sili za kipozea. Upande wa mbele ukifunguliwa, sili ya mbele, mkanda na kikazio vyote viende pamoja. Giaboksi ikishuka kwa sababu iliyothibitishwa, sili ya nyuma ya injini na ya mbele ya giaboksi zibadilishwe siku hiyo hiyo. Lakini usikubali orodha ndefu ya vifaa kabla hujaonyeshwa chanzo. Omba picha ya sehemu iliyolowa baada ya kusafishwa, omba namba ya presha ya ndani ya injini, na omba urudishiwe vifaa vya zamani. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kwamba kuna mtu anayeelewa anachokifanya.

Gari likirudi, kava la chini lisifungwe mara moja kama njia yako haina mawe wala maji mengi. Tembea kama kilomita 500, kisha liinue na umulike kuanzia juu kwenda chini. Usizikaze upya bolti za gasketi za mpira hata ukishawishika, maana zina kipimo chake na zimeshakifikia. Ukikuta unyevu kidogo, kumbuka oili ya zamani iliyojificha kwenye pembe hushuka kwa siku kadhaa. Futa, tembea tena, angalia kama umerudi, na umetokea sehemu ipi ya juu.